Kitambaa Nilichochelewa Kutundika

Nimestaafu ufundi wa magari nikiwa na miaka thelathini na moja. Chekeni kwanza. Mkimaliza, kaeni tuongee.

Nina watoto pacha, Kulwa na Doto, wana mwaka mmoja na miezi minne, na mgongo wangu haukubali tena kuingia chini ya gari. Miaka tisa nilikaa gereji hapa Tabora mjini, barabara ya kwendea Sikonge. Sasa nina genge la nyanya, na nina hasira. Nyanya zinaisha jioni. Hasira haziishi, maana genge langu limetazamana na barabara na kila siku nayaona yanapita: magari ya mtumba ya bei ya nyumba mbili, meusi, yanang'aa, vioo giza, kichupa cha manukato kinaning'inia kwenye kioo, na injini inapumua kama mgonjwa wa pumu. Mwenyewe kafungulia muziki ili asiisikie.

Nawaandikia nyie mnaoingia gereji mwaka huu, hasa mabinti. Nimesoma mpaka kidato cha nne tu, msitegemee maneno ya kupamba. Nataka mjue kitu kimoja nilichofundishwa na Mzee Mrisho, na jinsi nilivyokaribia kumlipa kwa kumwangamiza.

Mzee Mrisho ndiye aliyenipokea. Nilitoka kwetu Ziba na cheti chenye fizikia nzuri na mengine yote ya aibu, nikapita gereji sita kuomba kujifunza. Ya kwanza waliniuliza kama nimeleta chai. Ya tatu waliniuliza kama nimemfuata mume. Kwa Mzee Mrisho nikamkuta ameinama kwenye boneti, kofia yake ya kufuma kichwani, nyeupe pe, katikati ya uchafu wote ule. Nikamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaweza kunyamaza?"

"Naweza."

"Basi nyamaza, usikilize gari hili, uniambie linasemaje."

Nikasikiliza. Nikamwambia linakohoa, halafu linameza. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Wenzako hapa wana mwaka mzima hawajasikia kama linameza. Kesho njoo na suruali."

Ndivyo nilivyoajiriwa.

Sasa kuhusu kamba. Nyuma ya gereji, kutoka kwenye nguzo ya umeme mpaka kwenye ukuta, Mzee alifunga kamba kama ya kuanikia nguo. Juu yake vilikuwa vitambaa, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Gari lolote likija kwa sevisi, kabla hajagusa spana, anachomoa kile kijiti cha kupimia oili, anakifuta kwenye kitambaa cheupe, anaandika kwa kalamu namba ya gari, tarehe na kilomita, kisha anatundika. Akishatia oili mpya anafuta tena pembeni yake, na aliyeitia anaandika jina lake chini. Gari likirudi, mwenye gari anapelekwa kwenye kamba akajionee: hili ndilo doa la mwezi wa tatu, hili ndilo la leo.

Kitambaa chenyewe kilikuwa marekani, ile nguo nyeupe ngumu isiyo na nakshi. Alinunua jora zima. Nilimuuliza kwa nini asitumie fulana kuukuu kama gereji nyingine. Akasema, "Babu wa babu yangu aliingia Tabora na jora la marekani kichwani, kwa miguu kutoka pwani. Kila kituo alifungua mzigo akaukagua, kama kuna mchwa, kama kuna maji. Waliokuwa hawakagui walifika na vumbi. Gari nalo ni mzigo wa safari."

Sheria zilikuwa mbili: hakuna anayetia oili bila kutundika. Hata awe nani. Na kitambaa cha mtu hakionyeshwi mtu mwingine. "Doa la gari ni kama doa la shuka," alisema. "La mwenyewe."

Nilikosea mengi. Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa kukaza. Nilikuwa na ushindani na wavulana, nikitaka waone nina mikono, basi kila boliti nilikaza mpaka inalia. Wiki ya pili nikakata meno ya boliti ya kumwagia oili kwenye gari la mwalimu mmoja. Oili ikawa inadondoka, tone, tone, na mimi naikinga kwa kiganja. Mzee hakunifokea. Alinipa boliti nyingine na nati yake, akaniambia nikaze na kulegeza, kukaza na kulegeza, kutwa nzima, nimefumba macho. "Boliti inakwambia yenyewe imetosha. Wewe unaendelea kubishana nayo." Nilipunguza. Sikuacha. Mkono wangu ukishakuwa na hofu au hasira, hukaza ukazidisha mpaka leo. Vifuniko vya chupa za watoto anafungua baba yao.

Likumbukeni hilo.

Mzee alikuwa na jina la haya magari ya kifahari ya mtumba. Aliyaita mabibi harusi. "Wanamleta kwa matarumbeta," alikuwa akisema, "mtaa mzima umetoka nje. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwao alikuwa anakula nini." Mtu anajikamua miaka kumi, ananunua gari ambalo Ulaya lilihudumiwa kwa tarehe, linafika huku anataka aliendeshe kama baiskeli. Oili ya gia boksi? "Fundi, niliambiwa hiyo haibadilishwi maisha." Maisha ya nani? Maji ya rejeta? Anatia ya kisima, yenye chumvi, rejeta inaota ukoko kama sufuria ya uji. Taa ya injini ikiwaka kwenye dashibodi anabandika kipande cha plasta asiione. Nimeliona kwa macho yangu, plasta ya kidonda. Nikamuuliza kama amelimezesha na panadoli.

Mzee alinikanyaga mguu. Alikuwa na adabu kwa wateja. Mimi sikuwa nayo.

Tuje kwa Bwana Maganga. Ni mfanyabiashara wa asali wa Ipole, mtu mzito, anajulikana kuanzia Sikonge mpaka hapa mjini. Alinunua gari kubwa la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi rangi ya maziwa. Siku ya kwanza alilileta kwa Mzee, likakaguliwa, kitambaa kikatundikwa, Mzee akatia oili inayotakiwa na injini ile: nyepesi, ya rangi ya chai isiyokolea. Bwana Maganga akaichovya kidole. Akaisugua. Akaikunja sura.

"Fundi, hii ni maji."

"Si maji, Bwana Maganga. Injini hii ndivyo inavyokunywa."

"Mimi nimezaliwa kwenye asali. Kitu kizuri ni kizito na kimeiva. Kikiwa chepesi na cheupe, mtu kakichakachua."

Msimcheke haraka. Kwa asali yuko sahihi. Asali ya misitu yetu ni nyeusi, ukiigeuza chupa inashuka taratibu, na ikiwa nyepesi ujue kuna mtu kaiongeza maji. Baba yake alimfundisha hivyo, na kwa jicho hilo amejenga nyumba. Tatizo ni kwamba alilichukua jicho la kwenye mzinga akalipeleka kwenye injini. Oili yake ilipozidi kuwa nyeusi na nzito, yeye aliona inaiva. Watu wakimkumbusha sevisi anawaambia, "Bado, ndiyo kwanza inakolea." Sidhani kama kuna mahali pengine duniani gari limeuawa kwa kosa hilo.

Hakurudi kwa muda mrefu. Alikuja Ijumaa moja, mchana, Mzee na vijana wamekwenda msikitini na mimi nimebaki peke yangu. Nilikuwa na ujauzito wa miezi mitano, miguu imevimba, ninaficha tumbo kwa koti la kazi kwa sababu nilijua likionekana nitaambiwa nikapumzike, na mume wangu wakati huo alikuwa Urambo anahangaikia tumbaku iliyokataliwa sokoni. Bwana Maganga akashuka na dumu mkononi. Oili ya trekta. Nzito, unaweza kuisimamishia kijiko.

"Mwadila, Kabula," akanisalimu kwa salamu ya kwetu ya mchana.

"Mwadila, Bwana Maganga. Mzee yuko msikitini."

"Sihitaji mzee. Wewe ndiye msomi hapa. Mwaga ile, tia hii. Mzee wako ana mambo ya zamani, wewe kijana unaelewa."

Nilijua ni makosa. Siwezi kusema sikujua. Lakini miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kunitaka mimi. Walikuwa wakinikuta peke yangu wanakaa kwenye benchi wanangoja mwanaume. Huyu, mtu mzito, ananiita msomi. Nikajiambia ni gari lake. Nikaingia chini. Ile oili ya zamani haikumwagika, ilijikokota kama lami. Nikabadilisha filta, nikaikaza, nikatia ile nzito yake. Akafurahi, akaondoka.

Kitambaa sikutundika. Kamba ilikuwa hatua sita kutoka niliposimama. Nilisema nitatundika baadaye.

Wiki tatu baadaye injini ikanoki. Alikuwa anatoka Ipole na ndoo za asali nyuma, akasikia mlio kama mtu anagonga bati kwa nyundo, hakusimama mpaka gari liliposimama lenyewe. Likavutwa mpaka getini kwetu, na yeye akashuka na sauti.

"Mrisho! Umeniua! Injini nimekuachia nzima, ona ulichoirudishia! Mmenitilia nini humu?"

Watu wakajaa. Mnajua barabara ile. Muuza mahindi aliacha mahindi yake yaungue.

Nikasubiri aseme kuhusu dumu. Hakusema. Alinitazama mara moja, haraka, akahamisha macho. Hapo nikaelewa: amenificha ili ajifiche. Nikifumbua mdomo, yeye anaonekana mjinga na mimi ninaonekana muuaji. Nikifumba, tuko salama wote wawili. Anayebaki uwanjani ni Mzee.

Mzee Mrisho akaenda kwenye kamba. Akakuta kitambaa cha kwanza, cha zamani, na baada yake pengo. Akarudi. Akaingia chini ya gari akiwa na kanzu yake, akakaa huko dakika nyingi. Alipotoka akafuta mikono, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Bwana Maganga, gari limetiwa oili hapa kwangu. Kosa ni la gereji yangu. Nitaifungua injini, na wewe utakaa kwenye kiti uone kila kitu kinavyotoka."

Nilitaka ardhi inimeze na koti langu.

Siku kumi zilizofuata ndizo mbaya kuliko zote nilizofanya kazi. Habari ilienea. Wale wenye magari ya kubeba tumbaku waliokuwa wakipanga foleni kwetu kila Jumatatu walipita bila hata kupiga honi. Mtu alimtania Mzee barazani, "Siku hizi unachinja injini, mzee?" naye akajibu, "Ndiyo, na nyama haiuziki." Miaka arobaini ya jina lake ilikuwa inayeyuka mbele yangu, na mimi nampa spana. Namba kumi na nne, mzee. Namba kumi na saba, mzee. Kila usiku niliapa kesho nitasema. Kila asubuhi nilimsikia fundi wa jirani akisema kwa makusudi nisikie: "Ukiona gereji ina mwanamke, ujue ina mkosi." Nikiongea, atakuwa ameshinda. Kila binti atakayekuja baada yangu atafukuziwa getini kwa jina langu. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nyingine ilikuwa woga tu.

Siku ya kumi ilikuwa asubuhi ya Julai, baridi ya Tabora ile inayokausha midomo. Injini iko wazi juu ya meza. Ndani mlikuwa mweusi tii, tope limeganda kwenye kila kona, beringi zimelika mpaka zinang'aa kama shaba. Bwana Maganga kwenye kiti chake. Mzee akamwambia, "Nilikuomba uje na asali yako."

Akatoa chupa. Nyeusi, nzuri, kutoka msituni. Mzee akamwonyesha tundu kwenye chuma lililosafishwa, jembamba kama njiti ya kiberiti.

"Hapa ndipo oili inapopita kwenda kunywesha injini. Kuna mengi kama haya. Tia asali yako."

Bwana Maganga akachota kijiko, akamimina. Asali ikakaa juu ya tundu kama kifuniko. Tukangoja. Haikwenda popote. Mzee akaiondoa kwa kidole, akakilamba, akasema, "Mashallah, asali ya kweli." Akasafisha tundu, akachukua oili nyepesi, ile iliyoitwa maji, akadondosha. Tulikuwa hatujavuta pumzi ikatokea chini, tone kwenye kitambaa cheupe.

"Injini hailambi, Bwana Maganga. Inakunywa, tena asubuhi ya baridi inataka inywe kabla hujafunga mkanda. Uzito ni sifa ya asali. Hapa ni kiu."

Hapo nyuki wakafika, nao ni wenyeji wa hapa, wakatua kwenye chuma, kwenye spana, kwenye kofia ya Mzee. Vijana wakakimbia. Mzee hakuondoka, na Bwana Maganga, mtu wa nyuki, naye hakuondoka. Wakabaki wamesimama wanatazamana. Kisha Bwana Maganga akasema neno ambalo lilikuwa lazima aliseme mtu.

"Sasa kama ulijua yote haya, Mrisho, kwa nini gereji yako ilinitilia ile nzito?"

Mzee akainamia mkono wa kanzu yake. Ningefanya nini? Hakunitazama. Angenitazama ningemchukia, lakini hakunitazama hata kidogo, alikuwa anamtoa nyuki mmoja kwenye mkono wa kanzu.

"Nilitia mimi," nikasema. "Ijumaa, mzee akiwa msikitini. Dumu alileta Bwana Maganga mwenyewe na nilijua ni makosa nikatia. Mzee hakuwepo. Mzee hajui."

Yule fundi wa jirani alikuwa ukutani. Nikamgeukia. "Na wewe, umesikia? Ni mimi. Mwanamke. Nenda kawaambie, na uwaambie pia kwamba dumu lililetwa na mwanaume."

Bwana Maganga akakaa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefumwa jikoni. Mzee akaniita pembeni, kwenye kamba.

"Mzee hajui," akarudia maneno yangu. "Filta ilinigomea kufunguka, Kabula. Nilitumia mnyororo. Katika gereji hii anayekaza namna ile ni mmoja."

Alijua tangu siku ya kwanza. Tangu alipoingia chini ya gari na kanzu. Nilipandwa na hasira, nikampigia kelele, mimi, mwenye kosa, nampigia kelele mzee wa watu: kwa nini hukusema, umeacha wakudharau siku kumi, kwa nini?

"Ningesema mimi, lingekuwa neno langu. Kitambaa hutundikwa na aliyetia." Akachana kipande cha marekani, akanipa na kalamu. "Na mama mjamzito haingii chini ya gari. Hilo nalo nilikuwa nangoja uniambie."

Nikaandika namba ya gari. Nikaanza kuandika jina la Bwana Maganga na dumu lake. Mzee akanizuia mkono. "Ya mteja hatuandiki." Basi nikaandika: *Nilitia mimi. Kabula.* Nikakitundika kwenye pengo, kikiwa cheupe, maana doa lenyewe lilikuwa limeshaua injini.

Krankshafti, mhimili wa injini, ilipelekwa Mwanza kuchongwa, beringi mpya zikaja, injini ikaungwa. Gari lile linatembea mpaka leo. Bwana Maganga hakuniomba radhi. Alimletea Mzee ndoo ya asali, mimi hakunipa hata nta. Lakini aliwaambia wenzake wa Ipole kilichotokea, na dumu pia alilitaja, na siku hizi akifika gereji yoyote anachomoa kijiti mwenyewe kabla ya salamu. Wale wa Jumatatu walirudi, mmoja mmoja, wengine wakijifanya walikuwa safarini.

Nilifanya kazi mpaka mimba ilipofika miezi saba, kwenye kiti, nikisikiliza. Mzee alikuwa ananiletea magari karibu kama mgonjwa kwa daktari. Kulwa na Doto walipozaliwa alinipa jora lililobaki, likawa nepi. Marekani ni nguo ngumu, iliwachubua, nikamwambia, akasema hata babu wa babu yake alilalamika.

Sasa macho yake yamefifia, anashinda nyumbani kwake, mtaa wa Ng'ambo. Nikienda na watoto kumwamkia, ananipa mkono, kisha anakikandamiza kidole gumba changu kidogo, anacheka: "Bado unakaza." Gereji wanaiendesha vijana. Wana mashine ya kuchomeka kwenye gari inayosoma makosa. Siichukii, ningekuwa nayo ningelala mapema. Inakwambia wapi panauma. Haikwambii ni nani aliyelinyima gari chakula, wala ni nani aliyeona akanyamaza.

Kamba wameiacha. Niliomba kitambaa changu kichomwe, mara mbili, Mzee akakataa: kitaanguka chenyewe. Hakijaanguka. Masika mbili zimekipiga, wino umekuwa wa zambarau, jina bado linasomeka. Kipo cha nne kutoka kwenye nguzo. Wanafunzi wapya ndicho wanachokiuliza kwanza, kwa nini hiki kina jina na hakina doa.

Nendeni mkakisome. Chekeni kama mnataka, nimewazoea. Halafu mkachomoe kijiti cha gari mlilonalo mbele yenu, mkifute, mwandike jina lenu chini.